Uso wa jiwe kwenye saa ya kimakanika: malakaiti au aventurini?

Swali la msomaji: "Nimedunduliza kwa muda mrefu ili ninunue saa moja nzuri ya kimakanika, niivae kila siku na baadaye nimwachie mwanangu. Nimebaki na mbili. Ya kwanza ina uso wa malakaiti ya kijani. Ya pili ina uso wa bluu iliyokolea, unametameta kama nyota, na imeandikwa aventurini. Muuzaji anasema aventurini ni jiwe asilia na ni gumu zaidi, ila malakaiti ni laini na itakwaruzika. Tena nimeona saa ile ile ya malakaiti, yenye mashine ile ile lakini uso wa kawaida, inauzwa kwa bei ya chini sana. Je, jiwe linastahili tofauti hiyo? Na lipi litadumu?"

Ndugu msomaji, nianze na lile litakalokuokolea fedha. Hiyo saa ya bluu, kwa jinsi ulivyoieleza, uso wake karibu kwa hakika si jiwe. Ni kioo. Aventurini ya bluu inayometameta hutengenezwa kwenye tanuru: kioo huyeyushwa, hutiwa madini ya kukipa rangi na chuma, kisha hupozwa polepole sana ili vipunje vya chuma vigande ndani yake na kuakisi mwanga. Ufundi huu ulianzia kwa mafundi wa kioo wa Murano, karibu na Venice, katika karne ya 17, na kioo chao cha kwanza kilikuwa cha rangi ya kahawia chenye vipunje vya shaba nyekundu. Ni kazi ya ustadi mkubwa na matokeo yake yanapendeza. Baadhi ya watengenezaji wakubwa wa saa huitumia na husema wazi kwamba ni kioo. Ubaya unaanza pale muuzaji anapoiita jiwe asilia na kuidai bei ya jiwe.

Jiwe la kweli lenye jina hilo lipo, nalo ni la jamii ya kwatzi lenye vijisahani vya mika ndani yake. Mara nyingi ni la kijani, kwa sababu mika yenyewe ina kromiamu. Rolex walipotoa Day-Date, saa yao inayoonyesha siku na tarehe, ya milimita 36 yenye nyuso za mawe mwaka 2023, walikuwa na akiki nyekundu, feruzi, na aventurini ya kijani. Hiyo ya kijani ni jiwe. Ukishika lenzi ya fundi inayokuza mara 10, tofauti haijifichi. Katika kioo, vipunje vina kingo kali, vingi vina umbo la pembetatu au pembe sita, vimetapakaa sawasawa kila mahali, na pengine utaona kiputo cha hewa cha mviringo. Katika jiwe, mng'ao ni mpole, vijisahani vimelala bila mpangilio, pengine vimejazana upande mmoja na kupungua upande mwingine, na rangi ya jiwe lenyewe haiko sawa kote.

Sasa nije kwenye hoja ya ugumu, ambayo muuzaji wako ameitumia vibaya. Kipimo cha Mohs, alichokianzisha Friedrich Mohs mwaka 1812, huanza na 1 kwa ulanga na kuishia na 10 kwa almasi. Malakaiti iko kati ya 3.5 na 4. Lapisi lazuli iko karibu 5 hadi 5.5, feruzi 5 hadi 6, na jamii ya kwatzi, yaani akiki na jicho la chui milia, hufika 6.5 hadi 7. Kwa hiyo ni kweli kabisa kwamba malakaiti ni laini. Lakini kipimo hiki kinapima jambo moja tu, nalo ni kitu gani kinaweza kumkwaruza mwenzake. Uso wa saa uko chini ya kioo, na katika saa za daraja hilo kioo chenyewe ni yakuti samawi iliyotengenezwa kiwandani, yenye ugumu wa 9. Hakuna ufunguo, mchanga wala ukuta utakaoigusa malakaiti yako. Kwa pete au bangili, namba hiyo ingekuwa habari muhimu. Kwa uso wa saa, inamhusu aliyelikata jiwe kiwandani, na pia fundi atakayeifungua saa siku ya matengenezo. Wewe mvaaji haikugusi.

Linalokuhusu wewe ni uwezo wa jiwe kuvumilia kishindo, na hilo halimo kwenye kipimo cha Mohs. Almasi yenyewe, pamoja na ugumu wake wote, hupasuka kwa nyundo. Shohamu nyeusi (oniksi) ni ngumu kuliko malakaiti, lakini ikisagwa hadi kuwa kipande chembamba inaweza kupasuka kwa pigo ambalo jade ingelivumilia. Jade ya aina ya nefraiti ina ugumu wa 6 hadi 6.5 tu, lakini ndani yake ni nyuzi ndogo mno zilizosukana kama ukili, na hiyo ndiyo sababu watu wa kale walichongea shoka kwa jiwe hilo. Laiti ungeniuliza jiwe lipi ningelichagua kwa mtu asiyetaka hofu hata kidogo, ningetaja nefraiti kabla ya jingine lolote.

Malakaiti haina nguvu hiyo. Ni madini ya shaba yaliyojijenga tabaka juu ya tabaka, maji yenye shaba yalipokuwa yakipita kwenye nyufa za miamba, na kila mstari wa kijani unaouona ni awamu moja ya kujengeka huko. Mistari hiyo ndiyo uzuri wake, na pia ndiyo njia rahisi ya ufa kupita. Zaidi ya hapo, malakaiti haipendi tindikali, haipendi amonia na haipendi joto. Hayo yote hayaingii ndani ya kasha lililofungwa vizuri, ila yanaweza kuingia kwenye karakana ya fundi asiyejua anachokishika.

Kuhusu bei: umesema mashine ni ile ile, na ni kweli. Jiwe haliifanyi saa iende vizuri zaidi hata kwa sekunde moja. Fedha ya ziada inalipia kazi, na kwa maoni yangu ni mojawapo ya kazi ngumu kuliko zote katika utengenezaji wa nyuso za saa.

Bonge la malakaiti, kwa mfano kutoka Katanga nchini Kongo, hukatwa kwa msumeno wenye ncha za almasi huku maji yakimiminika, kwa sababu vumbi la malakaiti ni sumu kwa mapafu na joto la msumeno hulipasua jiwe. Kwenye bonge zima, sehemu zinazofaa ni chache: mahali penye mistari mizuri, pasipo tundu, pasipo ufa uliojificha. Kipande kilichochaguliwa husagwa polepole hadi kinabaki karibu nusu milimita, pengine chini ya hapo. Kisha hubandikwa juu ya kisahani cha chuma, mara nyingi shaba njano, kwa kuwa jiwe lenyewe haliwezi kushika vile vijiguu vinavyoufunga uso kwenye mashine. Halafu linatobolewa katikati ili mhimili wa mishale upite. Kila hatua ina uwezo wa kuharibu kazi yote iliyotangulia. Jiwe linaweza kupasuka kwenye msumeno, kwenye kusagwa, kwenye kutobolewa, hata kwenye kupigwa chapa ya jina la kampuni, kwa sababu kuchapa ni kugandamiza. Na kipande kilichopasuka hakiunganiki tena.

Ndiyo maana nyuso nyingi za mawe hazina mambo mengi: mishale miwili, jina, basi. Dirisha la tarehe linahitaji tundu karibu na ukingo, na hapo hubaki daraja jembamba la jiwe ambalo ndilo udhaifu mkubwa. Alama za saa zenye vijiguu zinahitaji matundu mengine kumi au zaidi. Anayekuuzia uso wa jiwe wenye dirisha la siku, dirisha la tarehe na alama zilizopachikwa, na ukawa mzima kabisa, anakuuzia kazi ya mikono yenye utulivu wa ajabu. Rolex walifanya hivyo kwenye Day-Date za miaka ya 1970 na 1980, kwa shohamu, lapisi na malakaiti. Nyingi kati ya hizo leo zina nyufa nyembamba, na mara nyingi ufa huanzia kwenye kona ya dirisha.

Unene nao una habari yake. Kipande cha jiwe pamoja na kisahani chake ni kinene kuliko uso wa kawaida, kwa hiyo mishale lazima ipande juu zaidi na kasha zima huongezeka kimo. Piaget, wa kijiji cha La Côte-aux-Fées nchini Uswisi, walifanikiwa sana katika mawe kwa sababu walianza na mashine nyembamba. Mashine yao ya 9P, ya kutia ufunguo kwa mkono, ilitoka mwaka 1957 ikiwa na unene wa milimita 2. Ya 12P, inayojitia ufunguo yenyewe, ilifuata mwaka 1960 na milimita 2.3. Walipokuwa na nafasi hiyo ndani ya kasha, wakaijaza mawe katika miaka ya 1960: lapisi, feruzi, jicho la chui milia, opali, malakaiti, jade. Jacqueline Kennedy alivaa Piaget yenye uso wa jade, na Andy Warhol alikuwa mpenzi wa saa za kampuni hiyo. Nakushauri usome historia ya hizo saa kabla hujaamua, maana zinaonyesha vizuri kwamba jiwe hupendeza zaidi linapoachwa lizungumze peke yake.

Kubandika jiwe jembamba juu ya kitu kingine si hila ya wenye saa. Ukumbi wa malakaiti katika Jumba la Majira ya Baridi huko St. Petersburg, uliojengwa baada ya moto wa mwaka 1837, una nguzo zinazoonekana kuwa malakaiti tupu. Kumbe ni vipande vyembamba vya jiwe la milima ya Ural vilivyobandikwa kwa ustadi juu ya msingi wa kitu kingine, mistari ikifuatana hata huoni kiungo. Nimekutajia hili kwa sababu wapo wauzaji wanaowatisha wateja kwamba "uso wako si jiwe zima". Uso wa jiwe uliobandikwa juu ya shaba njano ni jiwe halisi na ndivyo unavyotakiwa kutengenezwa.

Lisilo halisi ni jambo jingine, na hapo uwe macho. Kuna unga wa jiwe uliochanganywa na rezini na kugandamizwa. Huo hutumika sana kuiga feruzi na malakaiti. Kuna jiwe jeupe la bei ndogo lililotiwa rangi likaitwa feruzi au lapisi. Kuna picha ya jiwe iliyochapwa juu ya chuma. Kwa malakaiti, angalia mistari: katika jiwe la kweli inapishana kwa upana, inajikunja, kijani kinabadilika kutoka cha kung'aa hadi karibu cheusi, na hakuna nyuso mbili zinazofanana. Mwombe muuzaji picha ya saa yenyewe utakayopewa, kisha tafuta picha za saa nyingine za toleo hilo hilo. Ukikuta mistari imekaa mahali pale pale, hilo si jiwe.

Jiwe kutibiwa si lazima kuwe udanganyifu, mradi muuzaji aseme. Karibu shohamu yote nyeusi iliyo sokoni ni akiki iliyotiwa rangi kwa njia ya zamani ya sukari na tindikali, ambayo mafundi wa Idar-Oberstein huko Ujerumani waliitumia kwa muda mrefu. Rangi hiyo ni imara na hakuna anayelalamika. Feruzi nyingi hunyweshwa rezini kwa sababu jiwe hilo lina vitundu vidogo vinavyonywa mafuta na unyevu, na likiachwa bila kutibiwa hubadilika na kuelekea kijani. Lapisi iliyotiwa rangi ndiyo ninayoikataa, kwa kuwa lapisi nzuri, ile ya Sar-i Sang katika Badakhshan ya Afghanistan ambako imechimbwa kwa maelfu ya miaka, haihitaji kusaidiwa. Katika lapisi utaona vitone vya dhahabu, navyo ni pairaiti, na mishipa myeupe ambayo ni kalsaiti. Pairaiti ni ngumu kuliko bluu inayoizunguka, kalsaiti ni laini kuliko zote mbili, na bado fundi anatakiwa kuung'arisha uso mmoja ulio sawa. Ukiinamisha saa kwenye mwanga na usione mabonde, ujue umeshika kazi ya mtu hodari.

Opali nitaipita upesi. Ndani yake kuna maji, kwa kawaida asilimia chache za uzito wake, na ikikauka hupata nyufa ndogondogo bila kupigwa na chochote. Kwa saa ya kila siku, iache. Ganda la chaza na marijani si mawe, ingawa huuzwa kwenye kabati moja na mawe. Kimondo nacho si kito. Ni chuma na nikeli, na mistari yake iliyopishana, inayoitwa kwa jina la Alois von Widmanstätten, ilijengeka wakati chuma hicho kikipoa angani kwa mamilioni ya miaka. Lakini kwa mtu anayeogopa nyufa ni chaguo la maana, kwa sababu chuma hakivunjiki kama jiwe. Ogopa kutu tu, na uulize kama kimepakwa rodiamu, yaani metali ya kukikinga.

Narudi kwenye malakaiti yako na maisha yake ya kila siku. Mashine ya saa ina kinga ya kishindo. Aina ya Incabloc, iliyobuniwa mwaka 1934, huuacha mhimili wa gurudumu la mizani uyumbe kidogo badala ya kuvunjika. Jiwe halina kinga ya namna hiyo. Saa ikidondoka kwenye sakafu ngumu, mashine inaweza kuendelea kutembea huku uso umepasuka kuanzia katikati hadi ukingoni. Kwa hiyo: usiivae ukicheza mpira, ukigonga nyundo, wala ukiendesha pikipiki kwenye barabara ya mawe. Kukaa ofisini, kupika, kutembea, kubeba mtoto, hayo yote vaa bila wasiwasi. Usiiache juani nyuma ya kioo cha gari. Usioge nayo kwa maji ya moto, hata kama kasha limeandikwa kuwa linahimili maji, maana mvuke hupenya mahali ambapo maji ya baridi hayapenyi, na mipira ya kuzuia maji huchoka. Mpe fundi aipime kila mwaka kama bado inazuia maji. Unyevu uliofungiwa ndani ya kasha huidhuru gundi iliyoshika jiwe, na madhara hayo huonekana wakati umechelewa.

Hata hivyo, ukiniuliza ni nani anayepasua nyuso nyingi za mawe, sitamtaja mvaaji. Nitamtaja fundi mwenye haraka. Saa ya kimakanika inahitaji kufunguliwa, kusafishwa na kutiwa mafuta kila baada ya miaka kati ya 5 na 10, kutegemea mtengenezaji. Kila mara mishale hung'olewa, na kifaa cha kung'olea huegemea juu ya uso kupata nguvu. Juu ya uso wa chuma, kosa dogo huacha alama. Juu ya jiwe la nusu milimita, huacha ufa, na ufa huo huanzia kwenye tundu la katikati, mahali palipo pembamba na penye shinikizo. Umesema unataka kumwachia mwanao. Basi hesabu kwamba uso huo utapitia mikono hiyo mara kadhaa kabla haujamfikia. Mtafute fundi saa aliyewahi kushughulikia mawe, umwambie kabla hajafungua kwamba uso ni malakaiti, na umuulize anatumia nini kuukinga. Akijibu kwamba haina tofauti na uso mwingine, chukua saa yako uondoke.

Ukienda kuitazama, beba lenzi na tochi ndogo. Mulika kutoka ubavuni, mwanga ukilala juu ya uso, na uzungushe saa taratibu. Mstari wa asili hauakisi mwanga kwa namna tofauti na jiwe linalouzunguka. Ufa huakisi: utauona unawaka kama uzi kisha unazimika ukigeuza saa. Anza na tundu la katikati, nenda kwenye kona za dirisha kama lipo, kisha zunguka ukingo wote. Halafu weka lenzi mfukoni, vaa saa mkononi, na ujaribu kusoma muda kwa kutupa jicho mara moja tu. Malakaiti yenye mistari mingi huimeza mishale, hasa myembamba ya dhahabu, na saa nyingi za mawe hazina rangi ya kung'aa gizani. Kwa mtu wa kuvaa kila siku hilo lina uzito kuliko anavyodhani akiwa dukani.

Kati ya hizo mbili, mimi ningechukua malakaiti, ikiwa haina dirisha la tarehe au ikiwa kona za dirisha ni safi chini ya lenzi. Ile ya bluu inunue tu endapo unaipenda ikiwa kioo na bei yake ikishuka kulingana na ukweli huo. Kioo hicho nacho hupasuka kwa kishindo, kwa hiyo hata hoja ya kudumu haiipi ushindi. Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji aandike kwenye risiti kwamba uso ni malakaiti asilia, ataje kama umetibiwa au la, na akueleze kwa maandishi mtengenezaji hufanya nini uso ukipasuka: kama ana nyuso za akiba za toleo hilo, kwa bei gani, na kama utarudishiwa ule wa zamani. Hilo la mwisho usiliache. Watu wengi hujikuta wamepewa uso wa chuma kwa kuwa wa jiwe haupo tena, na saa waliyoinunua kwa ajili ya jiwe imebaki kuwa saa ya kawaida.